Andika vigezo vyako kabla ya kuanza kutafuta

Mwaka 2002 Barry Schwartz, profesa wa saikolojia aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Swarthmore nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliotofautisha watu kwa namna wanavyochagua: wapo wanaosaka kilicho bora kuliko vyote, na wapo wanaojiwekea kiwango kisha wakachukua kinachokifikia. Wasakaji hao ndio walioonekana kuwa na majuto mengi zaidi na furaha kidogo.

Matokeo yanayonigusa zaidi ni ya mwaka 2006, ambapo Sheena Iyengar, Rachael Wells na Schwartz waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokuwa wakitafuta kazi. Wasakaji walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20 hivi, lakini hawakuridhika na kazi zao kama wenzao walivyoridhika, na kipindi chote cha kutafuta walikipitia kwa wasiwasi na uchovu. Ni kweli kwamba mambo kuandamana si ushahidi kuwa moja limezaa lingine, kwani huenda aliyejawa na huzuni ndiye anayehangaika zaidi kuchagua. Hata hivyo nimeyaamini matokeo hayo kiasi cha kuyafuata.

Ninapotafuta nyumba ya kupanga, huandika kwanza kodi ninayoimudu, upatikanaji wa maji na umbali wa kufika kazini, kabla sijampigia dalali simu. Nyumba ya kwanza inayotimiza yote huichukua, na nikishalipa siulizi tena bei za mitaa ya jirani. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniomba ushauri, kwa sababu watafiti Daniel Gilbert na Jane Ebert walionyesha, katika jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Harvard, kwamba wanafunzi walioruhusiwa kubadilisha picha waliyoichagua waliipenda kidogo kuliko wale ambao uamuzi wao ulikuwa wa mwisho.

Kuridhika na kinachotosha si kukubali kibovu. Ukihofia kwamba kiwango chako ni cha chini, kipandishe, lakini kipandishe kabla ya kuanza kutafuta. Kijana anayesaka ajira na aandike mshahara ambao hatakubali kushuka chini yake, aina ya kazi na mahali anapoweza kuishi. Akishasaini mkataba unaotimiza hayo, awaombe ndugu na marafiki waache kumtumia matangazo ya nafasi nyingine.