Binti yangu haelewani na nyanya yake

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu Atieno ana miaka 5. Nyanya yake alipotoka Siaya kututembelea hapa Umoja, Nairobi, alimsemesha Kidholuo, mtoto akanitazama mimi nimtafsirie. Mama alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga. Niliumia sana. Nianzie wapi? – Mama Atieno

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na jina lake. Mwambie Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku, kisha umsimulie usiku wenyewe: nani alikupeleka hospitali, mvua ilinyesha au la. Mtoto hupenda hadithi inayomhusu.

Usisubiri shule. Mtaala una somo la lugha za asili gredi ya 1 hadi 3, lakini kwa shule nyingi za Nairobi lugha hiyo huwa Kiswahili. Kidholuo kitatoka kwako. Mimi wajukuu zangu niliwafundisha kwenye ngazi za ghorofa: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, kila kidato na neno lake. Tulipofika juu na mifuko ya sokoni tulikuwa tumehesabu mara tatu. Usimcheke akikosea, akiona haya mara moja, atanyamaza mwaka mzima.

Halafu mpigie mama yako Jumapili jioni, simu apewe mtoto. Aseme “Oyawore, dani”, yaani habari ya asubuhi, nyanya, hata kama ni jioni. Dani atamsahihisha mwenyewe, na hapo watakuwa wameanza kuzungumza. Likizo ya Agosti mpeleke Siaya, umwache huko wiki mbili bila wewe wa kumtafsiria.