Faili kwanza, fomu baadaye

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Umeniuliza kama wakili mwenye ofisi ndogo hapa Malindi anaweza kugombea ubunge 2027, na aanzie wapi. Anaweza. Amason Kingi alitoka kwenye uwakili akawa mbunge wa Magarini 2007, kisha gavana wa Kilifi, na 2022 Spika wa Seneti. Lakini anza na kabati lako: kesi za wateja wako zipate wakili mwingine kabla hujaingia kampeni.

Toa faili mojamoja, utazame kama hukumu imetoka. Kama bado, wakili anayepokea kesi huweka notisi mahakamani na kuwapa nakala wahusika, basi. Ikishatoka, notisi peke yake haitoshi: Agizo la 9, kanuni ya 9, la Kanuni za Kesi za Madai lataka amri ya mahakama, ama kwa ombi walilojulishwa wahusika wote, ama kwa makubaliano ya maandishi kati yako na anayepokea, yawekwe mahakamani. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kesi za ardhi huku huvuka miaka na hukumu nyingi bado zangoja kutekelezwa. Hatimiliki za watu zirudi mikononi mwao, na kila mwenyewe atie sahihi daftarini.

Kisha akaunti ya wateja, ile unayowawekea pesa zao. Isawazishwe kwa jina la kila mteja hadi senti. Bei ya shamba iliyolala humo si pesa ya kampeni, hata kwa wiki moja. Ukiigusa, baraza za Shella zitajua kabla ya jopo la nidhamu la mawakili.

Ya mchujo wa chama sina mengi. Wajua wenyewe walivyo. Ukisimama mgombea huru, usiwe mwanachama wa chama chochote miezi 3 kabla ya kura. Angalia jina lako kwa Msajili wa Vyama mapema: watu hujikuta wameandikishwa bila habari. Wahitaji wapiga kura 1,000 wa eneo bunge hili wakuunge mkono. Kusanya 1,300, kwani wengine huapa ni wa Malindi kumbe wamejiandikisha Magarini.

Mawakala wako wa vituoni wawe wajuao hesabu, si wenye sauti. Kwenye Fomu 35A, ya matokeo ya ubunge kituoni, kura za wagombea wote zilingane na jumla ya kura halali. Ukiongeza zilizokataliwa, zisipite waliosajiliwa kituoni, nao kisheria hawazidi 700. Wapige picha fomu hapo hapo. Kesi ya kupinga matokeo ina siku 28 tu, na dhamana ya gharama zake ni shilingi 500,000.

Ijumaa ukija kula, njoo na daftari la akaunti ya wateja.

Mamako