Kabla hujagawa kalamu: kwa wasaidizi wa kisheria wapya wa Tanga

Juzi nilikuwa wilaya ya Handeni, kijiji sitakitaja. Nikawakuta vijana wawili wa shirika jipya, fulana bado zinanuka duka, wanazungusha karatasi ya mahudhurio kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Juu ya karatasi hapakuwa na kitu. Hakuna tarehe, hakuna ajenda, ni safu za jina, kitongoji, simu na sahihi. Nikamuuliza mmoja wao kwa nini pale juu pako wazi. Akanijibu kwa adabu zote: "Tutajaza tukifika ofisini, bi mkubwa."

Nikanywa maji kwanza.

Wanangu, nawapenda, na ndiyo maana naandika badala ya kuwapigia kelele mbele za watu. Semina mmepita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji mnaitaja kwa namba na mwaka. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili mnalo kwenye simu, na mnajua Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa, yaani watu waelezwe na wakubali wenyewe kabla ardhi yao haijaguswa, mnaimba usingizini. Sitawarudisha darasani. Nataka tuongee mambo ya chini ya mti.

1. Karatasi ya mahudhurio

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo halifiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyatazama mapendekezo ya mkutano mkuu huohuo. Basi yeyote anayeitaka ardhi ile, kwa nia njema au mbaya, anatafuta kitu kimoja: orodha ndefu ya majina inayoonyesha kwamba watu walikaa, wakasikia, wakasema ndiyo. Na nani anazunguka vijijini na orodha ndefu za majina? Sisi.

Miaka ile nilikuwa na haraka kama ninyi. Tulikuwa na mafunzo ya siku nzima chini ya mkwaju, wafugaji wa Kiparakuyo upande huu, wakulima wa Kizigua upande ule. Mfadhili alitaka idadi ya washiriki, mhasibu alitaka sahihi ya kila aliyepokea nauli. Mimi, kwa ujanja wangu, nikatumia karatasi moja kwa yote mawili, na juu sikuandika kitu.

Alikuwepo mzee mmoja asiyejua kusoma, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilipomsogezea pedi ya wino akaufumba mkono. "Hii ni ya nini?" Nikamwambia ya nauli. Akaitazama ile nafasi tupu ya juu, akauliza tena. Nikasema, "Baba yangu, ni nauli tu, watu wanakusubiri." Na kweli walikuwa wanasubiri, maana pilau ilishaiva. Akachovya dole gumba, akaligandamiza kwenye mstari wake, kisha akalifuta kwenye shuka. Likabaki doa la zambarau juu ya nyekundu.

Tulipokuwa tunaondoka mtendaji akaomba nakala kwa kumbukumbu za ofisi. Mashine ya kopi iko Mkata, jua linazama, dereva anapiga honi. Nikampa karatasi yenyewe, mimi nikabaki na picha ya simu ambayo hata haikutulia.

Mwaka uliofuata eneo la malisho likatakiwa, na muhtasari wa mkutano mkuu ukajitokeza. Umechapwa vizuri, una ajenda, una "wajumbe kwa kauli moja waliridhia", una muhuri. Nyuma yake kuna kiambatisho. Nikakitambua kabla sijasoma jina hata moja, kwa sababu kilikuwa na alama ya duara ya chupa ya soda niliyoiweka juu yake siku ile. Na pale juu nilipopaacha wazi, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu alikuwa ameandika: Mahudhurio ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Kwenye baraza la ardhi wakili wa upande wa pili hakuhitaji kupaza sauti. Aliwaita mmoja mmoja. Hili jina lako? Ndiyo. Sahihi yako? Ndiyo. Siku ile ulikuwepo? Nilikuwepo. Ilipofika zamu ya mzee akasema dole ni lake, ila aliambiwa ni la nauli. Uliambiwa na nani? Akaninyooshea fimbo bila hasira yoyote, kama anayeonyesha ng'ombe mnadani. Nilipopanda kutoa ushahidi nikaulizwa orodha ya waliopokea nauli siku ile iko wapi. Nikasema ndiyo hiyo iliyoko mezani. Hata mwenyekiti wa baraza alivua miwani.

Hatukushinda. Sehemu kubwa ya malisho ilikwenda, na tulichookoa ni njia ya mifugo kufika lamboni. Uongo ulikuwa wa wale waliopika muhtasari, hilo nalijua. Lakini karatasi niliwapa mimi, na aliyeuliza mara mbili nilimharakisha mimi. Mzee tunasalimiana mpaka leo. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha nikitoa karatasi yoyote humwita mjukuu wake aisome kuanzia juu, na mimi nasimama nasubiri amalize.

Kwa hiyo: jaza kichwa kwa kalamu kabla ya jina la kwanza, nauli iwe na karatasi yake, mistari iliyobaki ipigwe mkwaju wa kalamu, na karatasi yenyewe haitoki mkononi mwako.

2. Orodha ya walalamikaji

Hapa hatari ni kinyume: majina kuwa machache. Wasan, wenyeji wa asili wa Botswana, walitolewa kwenye Pori la Akiba la Kalahari ya Kati, wakafungua kesi, na Desemba 2006 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwao kulikuwa kinyume cha sheria. Watu wakashangilia. Kisha serikali ikashikilia kwamba ruhusa ya kurudi bila kibali ni ya wale tu waliotajwa kwenye kesi, waliokuwa hai 189. Ndugu wa tumbo moja, mmoja jina lipo, mwingine halipo, huyu anarudi kwao na yule anaomba kibali. Sasa wewe unaandika "Fulani na wenzake" kwa sababu umechoka kuandika.

Na usiishie kwenye majina. Andika nani alichimba kisima kipi, nani kazikwa wapi, msimu gani ng'ombe walihamia wapi. Hapa kwetu tuna Mkomazi, hifadhi inayogusa Tanga na Kilimanjaro. Wafugaji waliondolewa 1988, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na 1999 ikaamuliwa kwamba Wamaasai hawakuwa wa kwanza kufika pale. Wazee walikuwa na historia yao vichwani, lakini kichwa hakipokelewi kama kielelezo. Kanada angalau Mahakama ya Juu ilisema 1997, kwenye kesi ya Delgamuukw, kwamba masimulizi ya mdomo ya wenyeji yapewe uzito wake kama ushahidi. Sisi huku tuyarekodi mapema, kwa jina la mahali na jina la msimulizi, kabla wazee hawajatuacha.

3. Washa GPS

Kila boma lililochomwa, kila kisima, kila jiwe la mpaka. Vijiji vya Loliondo, jirani na Serengeti, vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kulalamikia watu wao kuondolewa, na Septemba 2022 shauri likatupwa kwa sababu mahakama iliona haikuthibitishwa kwamba watu waliondolewa kwenye ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Rufaa ilikuja kurudisha shauri lisikilizwe upya, Novemba 2023. Zaidi ya mwaka mzima kwa swali la "mlikuwa mmesimama wapi".

4. Msomera, na haraka ya kuchagua upande

Kila mgeni wa kazi hii akifika Handeni anataka apelekwe Msomera. Sawa, twendeni, lakini mkifika mfunge midomo kwanza. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa pale, na serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wanaosema walikuja kwa kupenda, wapo wanaosema huduma kule zilipunguzwa mpaka hiari ikakosa maana. Na wapo wa tatu, ambao waandishi wengi huwasahau: waliokutwa Msomera, wafugaji na wakulima, wanaolalamika kwamba viwanja vilipimwa juu ya mashamba na malisho yao. Ukishanywa chai kwa mmoja ukaandika ripoti, umeandika theluthi ya ripoti.

Wanawake waulizeni peke yao, tena aulize mwanamke. Nyumba ya vyumba vitatu wanayopewa pale haiulizi mume ana wake wangapi, na jibu la mke wa tatu halipatikani mume akiwa amekaa kwenye kigoda kile pale.

Halafu Waakie. Wako Kilindi, mkoa huuhuu wetu, na Kiteto. Jamii ndogo ya wawindaji na warina asali. Bomba la mafuta linalokuja Chongoleani, hapa Tanga, kilomita 1,443 kutoka Uganda, lilibidi liwataje kwenye nyaraka zake miongoni mwa makundi yaliyo hatarini, pamoja na Wataturu, Wabarbaig na Wamaasai. Na bado kuna kijana alikwenda kwenye boma la Wamaasai kuuliza Waakie wana shida gani. Akaletewa majibu, tena mazuri sana, akayaandika yote.

Kama mnataka kuona inavyofanyika vizuri, someni Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walivyopata hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, kwa jina la jamii nzima na si la mtu mmoja.

5. Picha

Sura ya mlalamikaji haiendi kwenye status yako ya WhatsApp. Berta Cáceres, mama wa jamii ya asili ya Walenca wa Honduras aliyepinga bwawa la Agua Zarca, alikuwa na tuzo ya Goldman ya 2015 na dunia nzima inamjua, wakamuua nyumbani kwake Machi 2016. Mama wa Kilindi asiye na tuzo utamlinda kwa kitu gani?

6. Mkishinda kesi, msichinje mbuzi siku hiyohiyo

Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walishinda pale Arusha, Mahakama ya Afrika, Mei 2017. Juni 2022 ikaamuliwa walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena. Msiseme ni Afrika tu: Norway, Mahakama ya Juu iliamua Oktoba 2021 kwamba mitambo ya upepo ya Fosen imevunja haki za Wasami, wenyeji wa asili wanaofuga reinde (aina ya kulungu), na mapanga ya mitambo yakaendelea kuzunguka, hata vijana wa Kisami walipokwenda kukaa chini kwenye ofisi za wizara. Bajeti ya utekelezaji wa hukumu iandikeni tangu siku ya kufungua kesi. Wafadhili hawaipendi. Huwa waja leo waondoka leo, na hukumu inabaki kijijini na mtendaji yuleyule.

7. Madogo madogo

Baraza la kata tangu 2021 ni la usuluhishi tu, haliamui, kwa hiyo acheni kuwaambia watu "tumeshinda kata". Mahakamani hamsimami badala ya mteja. Ninyi si mawakili, hata mkivaa tai. Mbele ya baraza anzeni na Katiba, ibara ya 24, na Sheria Na. 5, ile ya Ardhi ya Vijiji, Azimio lije nyuma. Msiitishe mkutano siku ya mnada. Na bodaboda wa kutoka Mkata mwambie mapema kwamba unataka risiti ya maandishi, kwa sababu mhasibu wetu hajawahi kufika huko na haamini kwamba kuna mahali barabara inaishia.