Hesabu mizani kwa mdomo, si kwa macho

Wanafunzi wa kidato cha nne ninaowafunza Jumamosi hapa Kondele, Kisumu, wakipewa shairi hukimbilia kulipa jina kabla hawajalisoma. Mishororo minne? Tarbia! Kalamu chini. Jina ni sahihi, lakini halijachambua chochote.

Mimi huwataka wasome kwa sauti, wakigonga dawati kwa kila silabi. Chukua mishororo hii niliyowatungia:

Mvuvi funga mashua, ziwani kumechafuka,
Mvua haijapungua, mawimbi yanazunguka.

Kila kipande (nusu ya mshororo) kina mizani, yaani silabi, 8, mshororo mzima 16. Hata hivyo ubishi haukosi. Mmoja hupata 7 kwenye ukwapi (kipande cha mwanzo) wa mshororo wa kwanza, mwenzake 9 kwenye ule wa pili, kisha wote wanakubaliana kwamba mshairi (yaani mimi!) amevunja arudhi, kanuni za utunzi. Tatizo ni ile m. Katika "mvuvi" ni kiambishi cha ngeli, ndiyo maana wingi wake ni wavuvi, nayo hujitegemea: m-vu-vi. Katika "mvua" imeshikana na v, umoja na wingi: mvu-a. Litamke kama unavyolitamka sokoni Kibuye mawingu yakitanda, utasikia m na v zikitoka pamoja. Vivyo hivyo, "mbunge" ni tatu, "mbuzi" mbili. Vijineno vyenye irabu moja, kama "mbwa" na "nchi", navyo huhesabiwa mbili.

Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, ni rahisi: hapo juu ukwapi unaishia na -a, utao (kipande cha pili) -ka. Viandike pembeni, ubeti baada ya ubeti, hadi wa mwisho. Vyote vikilingana shairi zima ni mtiririko. Vya upande mmoja vikibadilika ni ukara. Vya pande zote mbili vikibadilika ni ukaraguni. Anayetoa hukumu kwenye ubeti wa pili anabahatisha.

Shairi huru, lisilofuata arudhi, usiligongee dawati. Tafuta mishata (mishororo isiyokamilika kimaana) na takriri (marudio), uendelee.

Kwenye uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, ndiko alama nyingi humwagika. Ukikuta "sendi" badala ya "siendi", usiandike "inkisari" (kufupisha neno) ukaondoka. Irudishe ile i, uhesabu upya. Katika shairi la mizani 8 kwa kipande, kikifika 9, sababu unayo: mshairi alikuwa akitosheleza mizani, na hilo ndilo la kuandika, pamoja na mfano wenyewe. Kisipozidi 8, huenda ni lahaja yake tu, na jibu lako libadilike.