Ndago ya ufukweni si ile ya shambani
Umeuliza kama ndago ya ufukweni, mmea unaofanana na nyasi unaotaka kuupanda kando ya njia, ndiyo ile inayosumbua mashamba. Hapana, ndugu, si hiyo, ingawa zote mbili ni za jenasi ya Cyperus. Ya shambani, Cyperus rotundus, ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana chini kwa chini kwa nyuzi, mithili ya shanga, na ukiing'oa kwa mkono viazi hivyo hubaki udongoni vikachipua upya. Ya ufukweni, Cyperus pedunculatus, hutambaa kwa shina lililo chini ya mchanga lisilo na viazi hivyo, na majani yake mafupi, magumu, yenye ncha kali (watoto wanaotembea pekupeku watakukumbusha) hustahimili chumvi na ukame.

Ninayo mbele ya nyumba yetu Nyali, Mombasa, kwa miaka kadhaa sasa. Unadhifu wake unategemea ukingo: mawe ya matumbawe niliyoyafukia kiasi cha shubiri moja yameizuia isivamie njia, na kila baada ya miezi michache mimi hupitisha koleo la kuchimbia kukata inayochungulia nje. Ipande mwanzo wa masika, penye jua na mchanga usiotuamisha maji, kwani kiangazi kikiikuta haijashika mizizi itakauka licha ya ustahimilivu wake wote. Miche usiing'oe ufukweni, maana ndiyo inayoshikilia mchanga pale. Omba vipandikizi kwa jirani aliye nayo.