Usikubali namba yako ya simu iwekwe kwenye tangazo la semina ya tawi

Mdogo wangu, umeuliza humu kwenye jukwaa letu mambo manne kuhusu kujitolea kwenye tawi la chama chetu cha wahasibu: uingie kamati ipi kati ya mafunzo, ustawi na wanachama; itakula muda gani kwa mwezi; kujitolea huko kunahesabika kwenye saa za CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma, au la; na kama kutakusaidia kupata kazi nzuri zaidi. Halafu chini kabisa, baada ya kutushukuru, ukaongeza kwamba mwenyekiti wa tawi amekuomba uwe mweka hazina wa semina ya mwezi ujao, na kwamba washiriki watalipia kwenye namba yako ya simu "kwa sababu akaunti ya tawi ina usumbufu". Tangazo linatoka Ijumaa.

Nitajibu hilo la mwisho. Usikubali. Kabla hujaendelea kusoma, mwandikie mwenye kutengeneza tangazo asitishe, kisha urudi.

Maneno hayo niliambiwa mimi mwaka 2018, hapa Mwanza, karibu neno kwa neno. CPA yangu, cheti cha mhasibu aliyefuzu, ilikuwa na miaka miwili, na nilikuwa na hamu ya kuonekana kama uliyonayo wewe. Kamati yetu ya mafunzo ilikuwa na watu sita kwenye karatasi. Vikaoni tulikuwa tunafika wawili, mimi na dada mmoja wa benki. Wengine walikuwa na udhuru kila Jumamosi, na mwenye udhuru hapewi kazi, kwa hiyo kazi zote zilitukuta sisi tuliofika. Nilipouliza malipo yapitie wapi, mwenyekiti akasema akaunti ya tawi ina waweka saini watatu, mmoja kahamia Dodoma, kila hundi ni safari. "Tumia laini yako. Humu ndani sote ni wahasibu, nani atamwibia nani?" Watu wakacheka, hoja ikapita. Kwenye kumbukumbu za kikao iliandikwa hivi tu: "Wajumbe walikubaliana maandalizi yaendelee." Jina langu halimo. Namba ya simu haimo. Nilikuja kuitafuta sentensi hiyo baadaye kama mtu anayetafuta funguo gizani, na kila nilipoisoma ilikuwa ni hiyo hiyo.

Sasa hoteli. Nilikwenda mwenyewe kusaini mkataba wa ukumbi na chakula: watu 80, siku mbili, shilingi 65,000 kwa mtu kwa siku. Jumla 10,400,000. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa "jina la mteja", nikaandika jina la chama. Yule dada wa mapokezi ya mikutano akaniomba kwa adabu cheti cha usajili na barua yenye mhuri. Sikuwa navyo. Nikampigia mwenyekiti nikiwa pale pale kaunta, akaniambia, "Andika jina lako tu, Jumamosi hiyo ukumbi utachukuliwa na harusi." Nikakata jina la chama kwa mstari mmoja, nikaandika la kwangu juu yake, na TIN yangu, namba ya mlipakodi, pembeni. Nakumbuka hata kalamu, ilikuwa imefungwa kaunta kwa uzi. Ukurasa wa pili palikuwa na kifungu kinachosema idadi ya 80 ndiyo ya uhakika, na malipo yatafuata idadi hiyo hata wakija pungufu. Nilikisoma. Mimi ni mhasibu, siachi kusoma. Nilidhani kinamhusu chama.

Ada ilikuwa 180,000 kwa mshiriki. Wakija 80, tunapata 14,400,000, na ziada ilikuwa imeshapangiwa mfuko wa ustawi. Hoteli ilitaka nusu wiki mbili kabla, yaani 5,200,000. Siku hiyo waliokuwa wamelipa ni 16 tu, sawa na 2,880,000. Nikamwuliza mwenyekiti tufanyeje. "Jazia, watalipa tu, wahasibu hulipa dakika za mwisho." Nikajazia 2,320,000 kutoka akiba ya ada ya mwanangu.

Walikuja 47.

Katika hao, 28 ndio waliolipa wenyewe kwenye laini yangu. Wale 12 walioongezeka juu ya wale 16 walileta 2,160,000, ambayo iliishia kwenye tiketi za watoa mada kutoka Dar es Salaam, posho zao na uchapishaji, vyote 2,400,000, kwa hiyo nikajazia tena 240,000. Waliobaki 19 walikuja na barua za waajiri: tutalipa kwa ankara. Mwajiri wa aina hiyo unamjua, hana haraka. Kumi na mmoja walikuja kulipa baada ya miezi, wanane hadi leo hawajalipa. Na hao kumi na mmoja, sikiliza hapa, waliambiwa na mwenyekiti walipie kwenye akaunti ya tawi. Akaunti ile ile yenye usumbufu. Kumbe pesa kuingia ilikuwa haisumbui, usumbufu ulikuwa kwenye kutoka.

Hoteli ilisubiri siku thelathini, kisha ikaja barua ya wakili, yenye jina langu kamili, ikidai 5,200,000 zilizobaki. Ililetwa ofisini kwangu. Mhudumu aliipokea akaisaini kwenye daftari la barua, na daftari hilo husomwa na kila anayepita. Nikaenda kwa mwenyekiti na ile barua mkononi. Aliisoma polepole, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Lakini mkataba ulisaini wewe."

Nilikopa SACCOS, nikalipa.

Kama una hesabu kichwani utakuwa umeshaona: matumizi yote 12,800,000, mapato yote 7,020,000, pengo 5,780,000. Pengo hilo nililibeba mimi na mke wangu, na zile 1,980,000 za akina ankara nilizipata kutoka akaunti ya tawi baada ya kuziandikia barua nne. Faida ingekuwa ya tawi. Hasara ilikuwa na jina langu na TIN yangu.

Wapo humu watakaocheka: mhasibu mzima, tena wa CPA. Wacheke, ruhusa. Wakimaliza wafungue simu zao waangalie ni michango mingapi ya watu imelala humo sasa hivi, ya harusi, ya msiba, ya chama cha shule, kisha waje tuendelee.

Kilichoniumiza zaidi ya pesa kilikuja kwenye ukaguzi. Mwisho wa mwaka mjumbe mmoja aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la tawi mapato ya semina yako wapi, maana kwenye taarifa ya benki hayaonekani. Swali halali kabisa, ningekuwa yeye ningeuliza. Ikaundwa kamati ndogo ya watu watatu. Nikaambiwa nilete stetimenti ya simu ya miezi mitatu. Unajua kilichomo kwenye stetimenti ya simu ya mtu? LUKU. Ada ya shule. Dawa za mama. Pesa niliyomtumia mdogo wangu wa chuo. Na katikati ya hayo, malipo ya semina, moja moja, 180,000, 180,000. Mzee mmoja mkaguzi, mtu ninayemheshimu, alikaa na kalamu ya njano akizipaka moja moja. Akafika ya tarehe 9, akainua macho juu ya miwani: "Hii 180,000 ni ya semina au ni yako?" Ilikuwa ya shemeji, mchango wa arobaini ya baba mkwe, na kwa bahati mbaya ilikuwa kiasi kile kile. Nikaeleza. Akaandika alama ya kuuliza pembeni. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya kazi niliyofundishwa na mimi kuifanya: maelezo ya mdomo peke yake si ushahidi wa kutosha. Alama ile ya kuuliza ikabaki kwenye ripoti. Ripoti ikasomwa mkutanoni. Walinisafisha, ilisemwa wazi hakuna senti iliyopotea, lakini waliokuwa nje wakivuta hewa wakati huo waliondoka na ile alama tu. Miaka miwili baadaye, kwenye usaili wa kazi, mtu mmoja wa jopo aliniuliza, "Wewe si yule wa ile semina?"

Unataka kujua kama kujitolea kutakusaidia kazini. Kunaweza. Kunaweza pia kukufuata hivyo.

Nilimwendea wakili wangu mwenyewe, nikiwa nimechelewa. Swali lake la kwanza lilikuwa: chama chenu ni nani kisheria? Sikuelewa. Akanieleza kwamba chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ni chama halali, lakini usajili ule peke yake haukifanyi kuwa mtu mbele ya sheria. Ndiyo maana vyama husajili Bodi ya Wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura ya 318, ili bodi hiyo imiliki mali, isaini mikataba, ishtaki na ishtakiwe. Tawi la mkoa, mara nyingi, halina hata hilo. Ni kundi la watu wenye mwenyekiti. "Hoteli haiwezi kulishtaki tawi lenu," akaniambia, "ila wewe inakuweza vizuri sana." Maelezo ya dakika kumi. Ningeyapata kabla ya kushika ile kalamu yenye uzi, ada ya mtoto ingelala salama.

Na tusijifanye hatukujua. Kanuni za maadili za kimataifa tulizosomea, kifungu cha 350, zinamtaka mhasibu anayeshika mali ya mteja aitenge kabisa na mali yake binafsi, aitumie kwa kusudi lililokubaliwa tu, na awe tayari kuitolea hesabu wakati wowote. Kwa mteja tunasimama imara. Ungekuta kampuni inakusanya mapato kwenye simu ya karani, ungeliandika ukurasa wa kwanza wa barua yako kwa menejimenti kwa herufi nzito. Sasa nieleze kwa nini chama cha watu wanaoandika barua hizo kifanye jambo hilo hilo na tuliite kujitolea. Hasira yangu kwa yule mwenyekiti haijaisha, nakiri. Alikuwa na miaka ishirini na zaidi kwenye kazi hii. Alijua maana ya waweka saini watatu: wamewekwa ili pesa isitoke kirahisi. Usumbufu aliokuwa anaulalamikia ndio ulinzi wenyewe, na aliuondoa kwa kuweka kijana mbele. Angekuwa haoni hatari, angetoa namba yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeisema kwenye kila kikao tangu siku ile mpaka watu wananichoka: hakuna akaunti, hakuna semina. Pesa iingie kwenye akaunti yenye jina la chama, au Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, ili mtu akilipa atokewe na jina la chama na si lako. Mkataba wa hoteli usainiwe na wenye mamlaka ya kuufunga chama, makao makuu au wadhamini, kwa mhuri. Mweka saini kahamia Dodoma? Kikao kimoja, azimio moja, barua kwa benki, anabadilishwa. Tawi letu hatimaye lilifanya hivyo, na nilivyoona mimi halikuchukua hata mwezi. Kama hawawezi kufanya hivyo kabla ya semina, basi semina isogezwe. Harusi ichukue ukumbi.

Usiogope kukataa. Mwenyekiti ni mkubwa wako, mwamkie, msikilize, halafu mwambie: "Shikamoo mzee, kazi ya mweka hazina nitaifanya kwa moyo wote, ila namba yangu sitaweka na mkataba sitasaini. Nitaandika daftari, nitatoa risiti za chama, nitafuatilia wadaiwa, nitakuletea ulinganisho wa daftari na akaunti kila Ijumaa." Mweka hazina ni kazi ya kutunza hesabu, na hesabu zinatunzika bila pesa kulala mfukoni mwako. Akikasirika, omba ombi lake aliandike kwenye barua pepe na nakala kwa katibu. Wa kwangu hakuwahi kuandika chochote. Na hata akikuandikia, bado usikubali.

Kuhusu kamati, nenda ya wanachama, ndiyo utakayokutana na watu wengi. Saa za CPD muulize katibu wa tawi akuoneshe mwongozo wenyewe wa NBAA, Bodi ya wahasibu na wakaguzi, usikubali za kuambiwa.

Leo Jumanne. Tangazo likishatoka Ijumaa na namba yako, skrinshoti zitazunguka hata ukilifuta, na watu watakutumia 180,000 zao usiku ukiwa umelala. Mpigie huyo mwenye kutengeneza tangazo sasa hivi, halafu ndiyo umpigie mwenyekiti. Ukimaliza rudi hapa uniambie amesemaje, nitakuwepo.