Bastola kiunoni kwa mwindaji wa nyati: inafaa wapi, inaponza wapi

Msimu unapokaribia, wenye leseni za uwindaji kuanzia Tabora mjini hadi Sikonge na Urambo huuliza swali lilelile: nikimfuata nyati, nibebe na bastola kiunoni ili bunduki ikigoma nisibaki mikono mitupu? Kwa nyati, tembo na kiboko jibu ni hapana. Kwa chui na simba ipo hali moja tu ambayo bastola ina kazi, na hata hapo inategemea ni bastola ya aina gani.

Angalia nguvu kwanza. Risasi ya .375 H&H inayotumika kwenye bunduki ya wanyama wakubwa, na yenye uzito wa gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake hukaribia jouli 5,700. Risasi ya bastola ya .44 Magnum, ambayo wengi huiona kubwa kupita kiasi, ina gramu 15.6 na jouli kama 1,300. Bastola ya milimita 9 ambayo watu wengi wanamiliki kwa ulinzi ina jouli 500 tu. Nyati dume anayekuja ameinua pua, na shina la pembe limefunika paji lote. Ubongo uko chini na nyuma ya hapo, na ni mdogo. Risasi laini ya bastola ikigonga shina la pembe hubondeka au kuteleza, naye anaendelea kuja.

Halafu kuna muda. Nyati hukimbia mita 14 au 15 kwa sekunde, kwa hiyo mita 20 za kichaka anazimaliza ndani ya sekunde moja na nusu. Mkono ukishuka kiunoni, ukafungua kifungo cha ala, ukachomoa na kulenga, muda huo umekwisha. Kwa muda uleule mtu aliyezoea anavuta bolti (komeo linalotoa ganda na kuingiza risasi mpya) na kupiga tena bunduki ambayo tayari iko begani. Hatari kubwa ya bastola ni hii: inamfundisha mwindaji kuitupa bunduki yake nzuri mapema.

Kwenye kinamasi cha Moyowosi, upande wa Kigoma, ala ya kiunoni hujaa maji na tope kabla hujafika kwenye mafunjo. Kwenye miombo kavu tatizo ni jasho na vumbi, na mkanda wa begi unaokalia mpini wa bastola. Revolva nayo (bastola ya silinda inayozunguka), usipoivuta nyundo kwanza, triga yake inahitaji nguvu ya kilo 4 hadi 6. Mkono unaotetemeka huivuta ikapiga chini kushoto, na mara nyingi hapo chini kushoto yupo mwenzako.

Na sheria isisahaulike. Mgeni wa uwindaji wa kitalii haruhusiwi kuingia na bastola, na kwa wanyama hatari kiwango cha chini cha ukubwa wa risasi ni .375. Mkazi anayemiliki bastola kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hajapewa silaha ya kuwindia.

Msaada wa kweli ni bunduki ya pili, mikononi mwa mtu wa pili anayejua kazi. Kabla ya kuingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa, panganeni kwa maneno ya wazi. Msoma nyayo hutangulia, macho chini. Wapigaji wawili hufuata hatua mbili nyuma yake, mmoja kila upande, kila mtutu ukielekea nje. Amueni mapema msoma nyayo atajitupa upande gani nyati akitokea, maana akijitupa mbele ya mtutu wenu wote mmefungwa. Askari wanyamapori hukaa nyuma na kuangalia mgongoni, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa huzunguka na kusubiri kando ya njia yake mwenyewe.

Bunduki ziandaliwe hivi: risasi ngumu pekee (zisizobondeka), si laini, moja ikiwa kwenye chemba na sefti imefungwa. Ondoa mkanda wa begani, unanasa matawi. Darubini itolewe, au ishushwe hadi ukuzaji mdogo kabisa. Risasi tano za akiba ziwe kwenye mkanda wa tumbo, vichwa vikitazama chini.

Kosa linalowaangusha wengi ni kutovuta bolti hadi mwisho. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91. Ukivuta nusu, ganda linatoka lakini risasi mpya haishikwi, unafunga chemba tupu na kusikia "tik". Fanya mazoezi kwa risasi bandia, bunduki ikiwa begani muda wote, hadi bolti igonge mwisho kila safari bila wewe kufikiri. Wiki mbili za mazoezi haya jioni nyumbani zinakusaidia kuliko bastola yoyote.

Sasa ile hali moja. Chui au simba akiwa juu ya mwenzako, bunduki ndefu haigeuki na risasi yake hupita mnyama ikaingia kwa mtu. Hapo silaha fupi ina kazi, nayo iwe revolva. Bastola ya magazini ukiigandamiza kwenye mwili wa mnyama, sehemu yake ya juu husukumwa nyuma kidogo na haipigi kabisa. Revolva hupiga. Mkaribie kutoka ubavuni, weka mdomo wa mtutu nyuma ya bega la mnyama, na elekeza sambamba na mwili wa mwenzako, usielekeze kwake. Ibebwe kifuani, juu ya maji na nje ya mikanda ya begi, na aibebe mtu mmoja anayejulikana na kila mmoja katika msafara, mwenye kibali chake.

Majeraha ya chui huoza haraka. Osha kila tundu la jino kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, usilishone, kisha gari lianze safari ya hospitali. Kama ni Kitete, hospitali ya mkoa mjini Tabora, mnaelekea, pigeni simu mkiwa njiani muulize chanjo ya kichaa cha mbwa kama ipo, ili isipokuwepo ianze kutafutwa kabla hamjafika.